Kimya, Sekunde Kumi na Moja

Nimerudisha sauti nyuma mara sita.
Ni palepale, dakika ya ishirini na tatu:
namuuliza Nyanjige (si jina lake,
jina lake nimelificha kama nilivyoapa),
"Na wewe, mama, je, unatapisha?"
Halafu hakuna neno.

Kuna nyundo, mtu anaponda kokoto upande wa chini.
Kuna kunguru. Kuna mtoto anakohoa.
Kuna meli inapiga honi bandarini,
na kinasa sauti changu kisicho na haya
kinahesabu tu: moja, mbili, tano, kumi na moja.

Igogo mlimani hakuna udongo wa kuku kuparua.
Mwamba unaanza pale kizingiti kinapoishia.
Fundi Bugingo aliuchoma kwa kuni, akaumwagia maji baridi,
wiki tatu mwamba ukilia na kupasuka,
akapata shimo la kufika kiunoni.
Akaliita choo, akalipwa, akashuka.

Dodoso la mwaka juzi lilipita hapa na visanduku vyake.
Choo kipo? Ndiyo. Kina mlango? Ndiyo.
Nyumba ikapata vema, mtaa ukapata asilimia,
asilimia ikapanda basi kwenda Dodoma
na kufika huko ikiwa na afya njema.

Mimi nimetumwa bila visanduku.
Kaa, niliambiwa. Uliza. Nyamaza.
Usimmalizie mtu sentensi yake.

Alikuwa amesema mengi kabla ya pale.
Kwamba wa juu hungojea mvua ya usiku, ile ya radi,
mtu akatoka na kanga kichwani, akang'oa tofali moja,
na mlima ukatapika taratibu, ngazi kwa ngazi,
ukapita milango ya watu waliolala,
hadi ziwani, kulekule
ambako alfajiri ndoo zinashuka kuchota.
Alisema "watu". Alisema "wao". Alisema "hawa wenzetu".
"Wao" nimeipigia mstari mara kumi na nne.
"Sisi" naitafuta bado.

Alisema kipindupindu kilianzia chini, kwa akina Sundi,
"na msibani tulikwenda wote,
tukapika, tukaosha vyombo, tukalala chini siku tatu."
Hapo niliandika kwenye mabano: anacheka.
Leo nasikiliza tena, na kile si kicheko.
Nimefuta. Mabano yako wazi.

Baada ya zile sekunde nikakosea, nikaleta methali:
mficha uchi hazai, mama.
Akajibu bila haraka:
"Huyo wa methali alikuwa na pa kufichia."

Kisha unasikika mfuniko wa ndoo, na kata ikigonga plastiki.
"Kunywa kwanza. Umeuliza sana."
Kikombe cha bluu, ukingo umetafunwa na mtoto.
Mkobani mwangu chupa ya maji ya dukani,
kizibo hakijakatika.
Akakitazama kikombe, akautazama mkoba.
"Na wewe, je?"

Kimya changu ni kirefu kuliko chake.
Sijakipima. Nimekiandika hivi: mtafiti hajibu.

Msimamizi anataka dhamira tano kufikia Ijumaa.
Kwa kalamu ya kijani nimepata Mwamba na Mvua,
kwa nyekundu Jirani, na Aibu imekataa rangi zote,
inavuja kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine.

Hapa Nyegezi ni saa nane za usiku. Radi.
Bati linaanza kuongea, tone, matone, kisha lote.
Navua vidude vya masikioni.
Nje, kwa mwenye nyumba, mlango umefunguliwa,
mtu anatembea kwa tahadhari kwenye mawe.

Choo chetu kiko huko nyuma. Nimekitumia mwaka na nusu.
Sijawahi kuuliza kinakwenda wapi.